Mahindi Katika Tangi la Motokaa

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Oktoba, mkulima wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, huvuna shamba lake kwa mashine inayopukuchua mahindi humo humo shambani. Lori lake likisha kujaa, huwa na njia tatu za kulipeleka. Njia ya kwanza yaenda kwenye maghala ya ukingoni mwa mto Mississippi, ambako nafaka hupakiwa katika matishari na kuteremshwa hadi bandarini ili iuzwe nchi za nje. Njia ya pili yaenda kwa wafugaji wa ng'ombe, nguruwe na kuku. Njia ya tatu yaelekea kwenye kiwanda chenye mapipa makubwa ya chuma na minara mirefu, ambako mahindi hugeuzwa kuwa ethanoli, yaani spiriti ya kuchanganywa na petroli.

Mwaka 2000, kati ya kila malori mia ya mahindi yaliyovunwa Marekani, ni sita hivi tu yaliyofuata njia hii ya tatu. Ilipofika mwaka 2010 idadi hiyo ilikuwa imekaribia arobaini, na tangu hapo imeendelea kuwa theluthi moja hivi ya mavuno au zaidi. Ni nadra katika historia ya kilimo kwa zao kuu la chakula la nchi kubwa kubadilisha mnunuzi wake kwa haraka kiasi hicho.

Je, badiliko hili limemtajirisha mkulima? Je, limeokoa mafuta? Na gharama yake imelipwa na nani? Maswali haya huanzia katika kemia na kuishia katika uchumi, wala mtu hawezi kuyajibu ya uchumi kama hajayaelewa ya kemia.

KANUNI YA ZAMANI KATIKA KIWANDA KIPYA

Kazi inayofanywa na kiwanda cha ethanoli si ngeni kwa mtu yeyote aliyewahi kuona pombe ya nafaka ikitengenezwa. Mpishi wa pombe huloweka nafaka, kama vile ulezi au mtama, mpaka iote, kisha huianika na kuisaga ipatikane kimea. Kimea hicho hutiwa katika uji, na baada ya muda uji huwa mwepesi na mtamu. Hatimaye uji huo huachwa uchachuke. Hatua hizi ndizo zilizomo kiwandani, ila zimepimwa kwa vipimo vya maabara.

Punje kavu ya mahindi ina wanga kiasi cha sehemu 70 hadi 72 katika kila 100 za uzito wake. Molekuli ya wanga ni mnyororo mrefu wa molekuli za sukari iitwayo glukosi. Hamira, ambayo ni kiumbehai kidogo sana chenye seli moja, haiwezi kuila minyororo hiyo mpaka ikatwe kwanza. Katika pombe ya kienyeji kazi ya kukata hufanywa na vimeng'enya vilivyomo katika kimea. Kiwandani hufanywa na vimeng'enya vinavyotengenezwa kwa msaada wa bakteria na kuvu. Cha kwanza, alfa-amilesi, huukata mnyororo vipande vipande wakati uji ungali wa moto. Cha pili, glukoamilesi, huvimalizia vipande hivyo kwa kutoa glukosi mojamoja.

Baada ya hapo uji hupozwa hadi nyuzi 32 hivi za Selsiasi na kutiwa hamira. Hamira huigawa kila molekuli ya glukosi kama ifuatavyo:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Yaani glukosi moja hutoa ethanoli mbili na kabonidioksidi mbili. Msomaji akijumlisha uzito wa atomu ataona kwamba gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kabonidioksidi. Kwa hiyo karibu nusu ya uzito wa sukari hutoroka hewani ikiwa gesi, hata kiwanda kiwe bora namna gani. Huo ni mpaka uliowekwa na maumbile, wala hakuna mhandisi awezaye kuuvuka.

Baada ya siku mbili au tatu pipa huwa na togwa kali yenye alkoholi. Kwa kuwa ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78.3 na maji kwenye nyuzi 100, vitu hivyo viwili hutenganishwa kwa kukeneka, yaani kwa kuchemsha, kuukusanya mvuke na kuupoza. Lakini kukeneka nako kuna mpaka wake: mchanganyiko ukifikia sehemu 95.6 za ethanoli na 4.4 za maji kwa uzito, huchemka pamoja kama kitu kimoja na hautengani tena. Maji hayo machache ya mwisho huondolewa kwa kuupitisha mvuke katika chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti, ambayo matundu yake ni madogo kiasi cha kunasa molekuli za maji na kuziachilia zile za ethanoli.

HESABU YA BUSHELI MOJA

Wakulima wa Marekani hupima mahindi kwa busheli, na busheli moja ya mahindi huhesabiwa kuwa na uzito wa kilo 25.4. Mwanafunzi aweza kukisia mwenyewe kiasi cha ethanoli kinachoweza kutoka humo. Akiondoa unyevu wa sehemu 15 katika 100, hubaki kilo 21.6 za punje kavu. Wanga uliomo, kwa kiwango cha 72 katika 100, ni kilo 15.5 hivi. Kila gramu 162 za wanga huchukua maji, hugeuka kuwa gramu 180 za glukosi, na mwishowe hutoa gramu 92 za ethanoli. Kwa hiyo kilo 15.5 za wanga zingetoa kilo 8.8 za ethanoli, na kwa kuwa lita moja ya ethanoli ina uzito wa kilo 0.789, hizo ni lita 11.2.

Viwanda vizuri vya leo hupata lita 10.8 hivi kwa busheli. Ni dhahiri kwamba vimekaribia sana mpaka wa kikemia, na kwamba hakuna muujiza unaotarajiwa upande huo.

Hata hivyo, si punje yote iliyopotea. Hamira hutumia wanga tu. Protini, mafuta na nyuzinyuzi hubaki chini ya pipa. Mabaki hayo, ambayo ni kama machicha ya pombe, hukaushwa na kuuzwa kuwa chakula cha mifugo. Kwa kila busheli hupatikana machicha makavu ya kilo 7.7 hivi. Kwa hiyo busheli moja hugawanyika kwa uzito katika mafungu matatu yanayokaribiana: fungu la spiriti, fungu la chakula cha mifugo, na fungu la gesi. Mtu asemaye kwamba mahindi yote ya kiwandani yamechomwa motoni anakosea. Na asemaye kwamba hakuna chakula kilichopotea, kwa sababu machicha yamerudi, anakosea pia.

NISHATI IINGIAYO NA ITOKAYO

Lita moja ya ethanoli ina nishati ya megajuli 21 hivi, ilhali lita moja ya petroli ina megajuli 32. Kwa hiyo gari hutembea kwa lita moja ya ethanoli thuluthi mbili tu ya mwendo ambao lingetembea kwa lita ya petroli. Sifa kubwa ya ethanoli ni kiwango chake cha juu cha okteni: haiwaki kabla ya wakati wake ndani ya injini. Sifa hiyo ndiyo iliyoipa soko la uhakika pale kikemikali cha MTBE, kilichokuwa kikitiwa katika petroli, kilipogunduliwa kuwa kinachafua maji ya ardhini na kupigwa marufuku katika majimbo ya California na New York tangu mwaka 2004.

Swali gumu zaidi ni kuhusu nishati iliyotangulia kutumika. Mbolea ya nitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia. Trekta hunywa dizeli. Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu hukaushwa kwa moto, na kiwanda nacho huchemsha maji mengi kwa gesi. Mwaka 2005 David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na Tad Patzek wa California, walitoa hesabu iliyoonyesha kwamba nishati ya makaa, mafuta na gesi inayotumika ni kubwa kuliko ile inayopatikana katika ethanoli. Wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipinga: kwa takwimu zao za mwaka 2002 kila kipimo kimoja cha nishati kilichoingia kilitoa 1.34, na ripoti yao ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba uwiano huo umepita 2.

Tofauti hii haikutokana na upande mmoja kudanganya. Chanzo chake kikubwa ni mambo mawili. Kwanza, je, machicha yahesabiwe kuwa yamelipa sehemu ya nishati iliyotumika, au yaachwe nje ya hesabu? Pili, je, zitumike takwimu za viwanda vya zamani au vya sasa? Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipozilinganisha hesabu hizo mwaka 2006 waliona kwamba faida ipo, ila ni ndogo. Mwanafunzi na ajifunze hapa jambo lenye manufaa katika sayansi yote: kabla ya kubishana juu ya jawabu, ni lazima kwanza kuafikiana juu ya mpaka wa kitu kinachopimwa.

SERIKALI KATIKA PIPA

Kemia peke yake isingejenga viwanda hivyo. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao, bei ilipanda ghafla. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilisamehe kodi ya senti 4 kwa kila galoni ya petroli iliyochanganywa na ethanoli sehemu moja kwa kumi. Kwa kuwa sehemu moja tu kati ya kumi ilikuwa ethanoli, msamaha huo ulikuwa sawa na ruzuku ya senti 40 kwa galoni ya ethanoli. Mwaka 1979 yalitokea mapinduzi ya Iran, na bei ya mafuta ikapanda tena. Mnamo Januari 1980 Rais Carter alizuia nafaka isiuzwe kwa Urusi kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan, na wakulima waliobaki na mahindi wasiyojua pa kuyapeleka wakazidi kuitazama ethanoli kwa matumaini.

Hatua kubwa ilikuja baadaye. Sheria ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2007 iliyoiongeza nguvu, ziliwalazimisha wauzaji wa petroli kuchanganya kiasi fulani cha nishati ya mimea kila mwaka, na fungu ambalo mahindi yangeweza kulijaza likawekewa kikomo cha galoni bilioni 15 kwa mwaka. Ruzuku ya fedha ya senti 45 kwa galoni ilikoma mwishoni mwa mwaka 2011, lakini sharti la kuchanganya lilibaki. Uzalishaji wa ethanoli, uliokuwa galoni bilioni 1.6 mwaka 2000, ulifika galoni bilioni 13 mwaka 2010 na galoni bilioni 16 mwaka 2024.

BEI YA MAHINDI YAFUNGWA KAMBA NA BEI YA MAFUTA

Zamani bei ya mahindi ilitegemea mvua, idadi ya mifugo na mahitaji ya nchi za nje. Kiwanda cha ethanoli kimeongeza mnunuzi ambaye uwezo wake wa kulipa unatokana na petroli. Hesabu ifuatayo, ambayo tarakimu zake za fedha ni za mfano tu, yaonyesha jinsi mambo yalivyo.

Tuseme kiwanda kinauza ethanoli kwa dola 2 kwa galoni. Busheli moja hutoa galoni 2.85, yaani dola 5.70. Machicha yauzwe kwa dola 1.15. Mapato yote ni dola 6.85. Ikiwa gesi, mishahara, vimeng'enya na riba ya mkopo vyagharimu dola 2, basi kiwanda kinaweza kumlipa mkulima hadi dola 4.85 kwa busheli bila kupata hasara. Sasa bei ya mafuta ipande, na ethanoli iuzwe dola 2.50. Uwezo wa kiwanda kulipa wafikia dola 6.27. Nyongeza ya senti 50 katika galoni imeongeza dola 1.42 katika busheli. Mafuta yakishuka bei, hesabu hiyo hiyo hurudi nyuma kwa kasi ile ile.

Mambo yalikwenda hivyo hasa. Busheli iliyouzwa kwa dola 2 hivi mwaka 2005 ilipita dola 7 katikati ya mwaka 2008. Miezi michache baadaye mafuta yalianguka bei, na viwanda vilivyokuwa vimenunua mahindi kwa bei ya juu vikakwama; mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya ethanoli liliomba kinga ya mufilisi mwezi Oktoba mwaka huo huo. Mwaka 2012, wakati wa ukame mkali, busheli ilipita dola 8. Mwaka 2014 ilikuwa imerudi chini ya dola 4.

HESABU YA MKULIMA

Katika hali hiyo, yapasa kuuliza kilichobaki mkononi mwa mkulima. Msomaji achukue mfano wa ekari moja inayotoa busheli 180, kiasi ambacho hakipishani sana na wastani wa Marekani wa miaka ya karibuni. Tuseme gharama zote, yaani kodi ya ardhi, mbegu, mbolea, dawa, mashine na riba, ni dola 800 kwa ekari. Bei ikiwa dola 4, mapato ni dola 720, na mkulima apata hasara ya dola 80. Bei ikipanda hadi dola 7, mapato ni dola 1,260, na faida ni dola 460.

Mwaka wa kwanza mkulima hufurahi. Lakini mwenye ardhi naye husoma bei za mahindi katika gazeti. Mkataba wa ardhi ukiisha, jirani ambaye naye amepata faida yuko tayari kulipa zaidi ili aongeze ekari. Kodi ya ardhi hupanda, tuseme kwa dola 150. Mahitaji ya mbolea na mbegu huongezeka, nayo bei yake hupanda, tuseme kwa dola 150 nyingine. Gharama sasa ni dola 1,100, na mkulima hawezi kupata hata senti ya faida mpaka bei ya busheli ipite dola 6.11. Bei ikirudi kwenye dola 4 zile za awali, hasara yake si dola 80 tena bali dola 380.

Huu si mfano wa kubuni tu. Kwa mujibu wa uchunguzi unaofanywa kila mwaka na Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, wastani wa bei ya ekari moja katika jimbo hilo ulikuwa dola 2,900 hivi mwaka 2005. Mwaka 2013 ulifika dola 8,700. Hivyo sehemu kubwa ya utajiri ulioletwa na ethanoli iliingia katika ardhi. Aliyekuwa na shamba lake tangu zamani alitajirika hata kama alikuwa amestaafu na kuishi mjini. Kijana aliyetaka kuanza kulima alikuta mlango umekuwa mzito zaidi.

Mchumi Willard Cochrane alikwisha kuieleza tabia hii mwaka 1958. Alisema kwamba mkulima yu kama mtu atembeaye juu ya mashine ya mkanda unaozunguka. Wa kwanza kutumia mbegu au mashine mpya hupata faida, wengine humfuata, mavuno huongezeka, bei hushuka, na wote hujikuta pale pale walipokuwa, ila sasa wanakwenda mbio zaidi. Ethanoli iliongeza mahitaji, na kwa muda mkanda ukaonekana kusimama. Lakini mazao yaliongezeka na gharama zikapanda mpaka vikayafikia mahitaji hayo, na mkanda ukaanza kuzunguka tena.

Wazee wa Iowa hawakuhitaji kuambiwa. Katika miaka ya 1970 mauzo makubwa ya nafaka kwa Urusi yalipandisha bei, na wakulima wakakopa ili wanunue ardhi. Riba ilipopita asilimia 20 mwishoni mwa mwaka 1980 na bei za nafaka zikaanguka, ekari iliyouzwa kwa zaidi ya dola 2,100 mwaka 1981 ilikuwa na thamani ya chini ya dola 800 mwaka 1986. Maelfu ya jamaa walipoteza mashamba waliyorithi. Wengi walioweza kustahimili misukosuko ya baadaye ni wale waliotumia miaka ya bei nzuri kulipa madeni badala ya kuyaongeza.

Kuna jambo moja lililowasaidia wakulima kwa njia iliyo bora kuliko bei ya juu peke yake. Viwanda vingi vya mwanzo vilijengwa kwa fedha za wakulima wenyewe, waliojiunga katika vyama na kununua hisa. Mwenye hisa alipouza mahindi kwa bei ya chini, kiwanda chake kilipata mali ghafi rahisi na kumpa gawio. Mahindi yalipopanda bei, alifaidi shambani hata kama kiwanda kilidhoofika. Kwa kumiliki pande zote mbili alijikinga na mawimbi ya soko.

SAHANI NA TANGI

Gari dogo lenye tangi la lita 50, likijazwa ethanoli tupu, humaliza ethanoli ya kilo 118 za mahindi. Mtu anayekula gramu 350 za mahindi kwa siku angeishi kwa kilo hizo muda wa miezi kumi na moja. Haki yadai kuondoa sehemu inayorudi ikiwa machicha, kilo 36 hivi. Hubaki kilo 82, ambazo bado ni chakula cha karibu miezi minane.

Kwa upande mwingine, lau mahindi yote ya Marekani, yaani busheli bilioni 15 hivi kwa mwaka, yangetiwa kiwandani pasipo kubakizwa punje moja, yangetoa lita bilioni 162 za ethanoli. Kwa nishati, hizo ni sawa na lita bilioni 107 za petroli, ilhali magari ya nchi hiyo hunywa zaidi ya lita bilioni 500 kwa mwaka. Zao zima la mahindi la nchi yenye mavuno makubwa kuliko zote duniani lingelipa moja ya tano tu ya petroli yake. Hesabu hii fupi yatosha kuonyesha kwamba shamba haliwezi kuchukua nafasi ya kisima cha mafuta.

Kuhusu hewa, mambo nayo yana utata. Kabonidioksidi itokayo katika hamira na katika injini ni ile iliyovutwa na majani ya mhindi kutoka hewani, kwa hiyo haiongezi kitu. Lakini mwaka 2008 Timothy Searchinger na wenzake walikumbusha kwamba ardhi iliyoacha kulisha watu hapa hufidiwa kwa msitu au mbuga kulimwa pengine, na kaboni iliyokuwa imehifadhiwa udongoni hutoka. Mwaka 2022 Tyler Lark na wenzake walifikia hitimisho kwamba, mambo hayo yakihesabiwa, ethanoli ya mahindi ya Marekani haikuwa safi kuliko petroli, na huenda ilikuwa mbaya zaidi. Wataalamu wengine, wakiwamo wa serikali ya Marekani, wameipinga hesabu hiyo, na mjadala haujafungwa.

AFRIKA MASHARIKI YAHUSIKA VIPI?

Mahindi ya Iowa ni ya njano, ya kulishia mifugo. Ugali wa Afrika Mashariki ni wa mahindi meupe, ambayo kwa kawaida huuzwa ndani ya eneo hili hili. Kwa hiyo bei ya Chicago haifiki Iringa au Kitale siku ile ile. Hufika kwa njia nyingine. Mvua zikikosekana na nchi ikalazimika kuagiza nafaka kutoka ng'ambo, kama ilivyoipata Kenya mwaka 2009, bei ya dunia huwa bei ya sokoni. Hali kadhalika, fedha za msaada wa chakula hununua magunia machache zaidi bei inapopanda. Mwaka 2008 Shirika la Chakula Duniani liliomba mamia ya mamilioni ya dola za ziada ili kuendelea kuwalisha watu wale wale.

Pia kuna somo la uchaguzi wa mali ghafi. Zimbabwe ilianza kutengeneza ethanoli huko Triangle mwaka 1980, na Malawi huko Dwangwa mwaka 1982; Kenya nayo ilichanganya spiriti ya Muhoroni na petroli katika miaka ya 1980. Nchi hizo hazikutumia mahindi bali miwa, hasa molasi inayobaki baada ya sukari kutolewa. Brazil ilikuwa imeshika njia ya miwa tangu mwaka 1975. Sababu ni za kikemia kama zilivyo za kiuchumi: katika miwa sukari iko tayari, haihitaji kukatwa kwa vimeng'enya, na makapi ya miwa huwa kuni za kuchemshia mitambo. Zaidi ya hayo, hekta ya Iowa hutoa tani 11 za mahindi, ambazo ni lita 4,700 hivi za ethanoli. Mkulima mdogo wa Afrika Mashariki anayepata tani moja na nusu angetoa lita 640, naye angebaki bila akiba ghalani.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha hatua ya kwanza ya kiwanda kwa vifaa vichache. Pika uji mzito wa unga wa mahindi, upoze mpaka nyuzi 60 hivi, na uugawe katika vikombe viwili. Katika kikombe cha kwanza tia kijiko cha kimea cha ulezi au mtama, kilichosagwa bila kuungua. Katika cha pili usitie kitu. Viweke vyote ndani ya maji ya moto ya kiasi hicho hicho. Kila baada ya dakika kumi, chota tone kutoka kila kikombe, liweke juu ya kigae cheupe, na udondoshee iodini. Tone la kikombe cha pili litaendelea kuwa la buluu-nyeusi, dalili ya wanga. La kikombe cha kwanza litapungua weusi hatua kwa hatua, na uji wenyewe utalegea mpaka uweze kumiminwa. Wanafunzi wajadili: kwa nini kimea kilichochemshwa hakifanyi kazi? Na kwa nini hapana haja ya hatua hii katika maji ya miwa?

Wakisha kujibu hayo, na wapewe swali la mwisho, ambalo halina jawabu la maabara. Nchi yenye mahindi ya ziada huweza kuyageuza kuwa mafuta na hivyo kumwokoa mkulima wake na bei duni kwa miaka kadhaa. Lakini ziada ya mwaka wa mvua si ziada ya mwaka wa ukame, na kiwanda kilichokwisha kujengwa hudai mahindi katika miaka yote miwili. Kabla ya kujenga, ni lazima ijulikane ni nani atakayepunguziwa fungu lake mvua zitakapokosekana.